'Om' si dawa ya almasi: Maana ya tamko takatifu la Wahindu na Wabudha

MSAFIRI anayetoka Tabora kwenda Mwanza kwa njia ya reli, ile iliyofika ziwani mwaka 1928, hupita Songwa, wilayani Kishapu, katika Mkoa wa Shinyanga. Ni nchi ya tambarare, ya pamba, mtama na ng'ombe, lakini wenyeji wake wana elimu nyingine isiyopatikana kila mahali: wanajua thamani ya jiwe. Mgodi wa almasi wa Mwadui uko jirani, na mji mdogo wa Maganzo, ambako almasi za wachimbaji wadogo hununuliwa na kuuzwa, hauko mbali.

Katika miji ya ukanda huo wa almasi na dhahabu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita na Mwanza, watu wenye asili ya India wamekuwapo kwa vizazi kadhaa. Walikuwa wenye maduka na wenye viwanda vya kuchambulia pamba. Hata katika historia ya Mwadui wenyewe, almasi zilipogunduliwa mwaka 1940 na mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, mshirika wake wa karibu katika kampuni alikuwa mwanasheria wa Mwanza mwenye asili ya India, I. C. Chopra.

Ndani ya baadhi ya maduka yao, juu ya meza ya fedha au kwenye kalenda ya ukutani, mteja huona alama ya ajabu kidogo. Inafanana na tarakimu 3 iliyoota mkia, na juu yake pana mwezi mchanga na nukta. Akifika asubuhi na mapema, huenda pia akasikia sauti ikirudia neno moja refu, kama mvumo wa nyuki ndani ya mzinga: Om.

Nimewasikia watu, zaidi ya mara moja, wakiieleza alama hiyo kwa sentensi moja tu: "Ile ndiyo dawa yao ya biashara." Waswahili walikwisha kusema tangu zamani kwamba Baniani mbaya kiatu chake dawa. Methali hiyo inamzungumzia mtu tusiyempenda ambaye hata hivyo tunanufaika naye, lakini wapo walioichukua kama ilivyo. Kama kiatu chake ni dawa, sembuse neno analolitamka kabla ya kufungua mlango wa duka?

Jambo hili si la kuchekwa. Kuanzia mwaka 2007, Kanda ya Ziwa ilishuhudia mauaji ya watu wenye ulemavu wa ngozi, yaliyofanywa kwa imani kwamba viungo vyao huleta bahati katika madini na uvuvi. Januari 2009 Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi. Septemba mwaka huo huo, Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu watatu adhabu ya kifo kwa mauaji ya mtoto mwenye albino. Mtu aliyekwisha kuamini kwamba utajiri una ufunguo wa siri huutafuta ufunguo huo kila mahali, hata ndani ya sala ya jirani yake. Ndiyo maana inafaa kueleza kwa utulivu kwamba wenye neno hili wenyewe wanakusudia nini wanapolitamka.

Kinywa kinachofunguka na kufumba

Kwanza, neno lenyewe. Wapo wanaoliandika Om na wapo wanaoliandika Aum, na wote wako sahihi. Katika lugha ya Kisanskriti, sauti a ikikutana na sauti u huzaa o. Kwa hiyo Om ni neno lenye sauti tatu ndani yake: A, U na M.

Walimu wa Kihindu hupenda kumwambia mwanafunzi ajaribu mwenyewe. Sauti ya A huanzia kooni, kinywa kikiwa wazi. Sauti ya U husogea mbele hadi midomo ikawa duara. Sauti ya M hufunga midomo, nayo huendelea kuvuma ndani ya kichwa mpaka pumzi iishe. Katika tamko moja ulimi umepewa njia nzima ya sauti, tangu kinywa kinapofunguka hadi kinapofumba. Kwa hoja hiyo husema kwamba maneno yote ambayo binadamu anaweza kuyasema yamo ndani ya neno hili moja.

Baada ya M hufuata kimya. Msomaji akishike kimya hicho, maana ndicho chenye uzito kuliko sauti zote tatu.

Neno Om ni la kale mno. Limo katika maandiko ya Veda na limeelezwa kwa kirefu katika Upanishadi, mafundisho ambayo ya kale zaidi yalianza kukusanywa karne kadhaa kabla ya Kristo. Chandogya Upanishadi huanza na neno hilo. Mandukya Upanishadi, yenye vifungu 12 tu, karibu yote ni maelezo ya neno hilo hilo. Humo A ni hali ya mtu aliye macho, anayeona na kushika vitu vya dunia. U ni hali ya mtu anayeota, anayeona vitu visivyokuwapo. M ni usingizi mzito, ambamo hamna kitu wala ndoto. Kile kimya kinachobaki huitwa hali ya nne: ndicho kinachozishuhudia hizo tatu bila chenyewe kulala wala kuamka.

Wafafanuzi wa mapokeo ya Advaita, ambayo mwalimu wake mashuhuri ni Shankara, husema shahidi huyo wa ndani, atman, si kitu tofauti na Brahman, yaani ule ukweli wa milele ulio msingi wa vitu vyote. Mtu anayetamka Om kwa kuelewa anajikumbusha kwamba yeye si jina lake, si duka lake, si mwili wake unaozeeka. Hata ile alama ya ukutani husomwa kwa namna hiyo: mikunjo mitatu ni zile hali tatu, nukta ni hali ya nne, na mwezi mchanga ulio katikati ni pazia la udanganyifu linalomzuia mtu asiione.

Si Wahindu wote wanaokubaliana na ufafanuzi huo. Wanaomwabudu Vishnu au Krishna hulichukua neno Om kuwa jina la Mungu aliye nafsi, anayependa na kusikia. Katika Bhagavad Gita Krishna mwenyewe anasema kwamba miongoni mwa maneno, yeye ndiye silabi hiyo moja. Wengine huzigawa sauti tatu kwa Brahma, Vishnu na Shiva, yaani kuumba, kutunza na kuangamiza. Harakati ya Arya Samaj, iliyoanzishwa Mumbai mwaka 1875 na Swami Dayananda Saraswati na kufika Nairobi mwaka 1903, inakataa sanamu kabisa na kulishika neno Om kuwa jina kuu la Mungu mmoja asiye na umbo. Mtu akipita mbele ya jengo la Arya Samaj akaona Om juu ya mlango, asidhani ni hirizi ya kulinda nyumba. Anasoma jina la Mwenyezi Mungu.

Mtoto aliyekataa dhahabu

Kuna hadithi moja ambayo, kwa maoni yangu, ingetosha kuwa jibu kwa wanaodhani Om ni dawa ya mali. Imo katika Katha Upanishadi, na msomaji wa Usukumani ataielewa haraka kwa sababu inaanza na ng'ombe.

Mzee mmoja alitaka kutoa sadaka kubwa ili apate thawabu. Mwanawe, Nachiketa, akatazama ng'ombe waliokuwa wakiswagwa kwenda kutolewa, akaona ni ng'ombe waliochoka: hawali tena, hawakamuliki tena, hawatazaa tena. (Mtu angepeleka ng'ombe wa namna hiyo kwa wakwe, mahari yangerudishwa na maneno juu yake.) Mtoto akaona aibu kwa niaba ya baba yake. Akamuuliza, "Baba, na mimi utanitoa kwa nani?" Akauliza mara ya pili na ya tatu, mpaka baba akashikwa na hasira akajibu, "Nakutoa kwa Mauti!"

Neno limekwisha kutoka. Nachiketa akaenda nyumbani kwa Yama, bwana wa mauti, akamkosa. Akangoja mlangoni siku tatu bila kupewa chakula. Yama aliporudi aliona haya kwa kumweka mgeni na njaa, akamwambia achague mambo matatu, moja kwa kila usiku aliolala.

La kwanza, mtoto aliomba hasira ya baba yake itulie. La pili, aliomba kufundishwa ibada ya moto. La tatu, aliomba kujua mtu akifa anakuwapo au hayupo. Hapo Yama akaanza kumbembeleza aachane na swali hilo. Akamwahidi wana na wajukuu watakaoishi miaka 100, makundi ya mifugo, tembo, farasi, dhahabu, ardhi pana na umri kadiri atakavyo. Nachiketa akakataa vyote. Alisema vitu hivyo hudumu mpaka kesho tu, na mtu hashibi kwa mali.

Ni baada ya kukataa huko ndipo Yama alipoanza kumfundisha, na katika mafundisho hayo akamwambia neno ambalo Veda zote hulitangaza: Om. Mpangilio wa hadithi hiyo haukuwa wa bahati mbaya. Dhahabu iliwekwa mezani kwanza, ikasukumwa pembeni, ndipo neno likatolewa.

Lakini ya dukani je?

Msomaji ana haki ya kuuliza: kama ni hivyo, mbona alama hiyo huwekwa juu ya sanduku la fedha?

Ukweli usifichwe. Wahindu wa kawaida, kama walivyo waumini wa kawaida wa dini zote, huomba riziki. Wakati wa Diwali wafanyabiashara wenye asili ya Gujarat hufungua vitabu vipya vya hesabu kwa ibada. Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali, huombwa, na kwenye kurasa za kwanza huandikwa maneno ya heri na faida. Sala nyingi za aina hiyo huanza na Om, kama vile sala nyingine zinavyoanza kwa kulitaja jina la Mungu. Kwa hiyo yule mteja aliyehisi kuna uhusiano kati ya alama na biashara hakuota.

Alichokosea ni namna ya uhusiano huo. Dawa, kwa maana inayotajwa machimboni, inadaiwa kufanya kazi yenyewe: mtu akiinunua kwa bei iliyopangwa na kufuata masharti, jiwe litatoka, awe mwema au mwovu. Mafundisho ya Om hayana soko la aina hiyo. Patanjali, katika mafundisho yake ya yoga, aliweka masharti mawili kwa anayelitumia neno hili: alirudie, na aitafakari maana yake. Anayerudia bila kutafakari ametimiza nusu tu. Na sala inayorudiwa na Wahindu wengi kila alfajiri, Gayatri, ambayo asili yake ni Rigveda na ambayo hutanguliwa na Om, humwomba mungu wa jua aziangazie akili za waombaji. Mali haitajwi humo.

Dini nyingine mbili zilizozaliwa India nazo zina hisa katika neno hili. Wajaini hulitumia kuwakumbuka viumbe watano wanaowatukuza. Masingasinga huanza maandiko yao kwa alama inayounganisha tarakimu moja na neno la asili hiyo hiyo, kusisitiza kwamba Mungu ni mmoja.

Wabudha na vito vitatu

Kwa upande wa Wabudha mambo hubadilika, na hapa ndipo waandishi wengi huchanganya. Buddha alifundisha njia ya kutoka katika mateso kwa kuzima tamaa, wala hakuijenga juu ya imani ya Mungu muumba. Wabudha wa kusini, wafuatao mapokeo ya Theravada, hawatumii Om katika ibada yao ya kila siku.

Hao ndio Wabudha waliotangulia kuja kwetu. Dar es Salaam, eneo la Upanga, lina hekalu la Kibudha ambalo mizizi yake ni mafundi na wafanyakazi kutoka Ceylon, nchi inayoitwa Sri Lanka leo, waliofika Tanganyika mwanzoni mwa karne ya 20. Nchini Uganda, mtawa mzaliwa wa nchi hiyo, Bhante Buddharakkhita, alianzisha kituo cha Wabudha karibu na Entebbe mwaka 2005. Ukisikiliza ibada za mapokeo hayo utasikia lugha ya Kipali, na tamko linalorudiwa mara tatu: muumini anakimbilia kwa Buddha, kwa mafundisho yake, na kwa jumuiya ya watawa.

Vitu hivyo vitatu vina jina ambalo mtu wa Songwa hawezi kulipita bila kugeuza shingo. Vinaitwa vito vitatu.

Hata huku si kwamba hamna kitu kinachofanana na hirizi machoni pa mgeni. Katika ibada ya pirit, watawa wa Sri Lanka husoma maneno ya ulinzi huku uzi mweupe ukipitishwa mikononi mwa waumini, kisha vipande vya uzi huo hufungwa kwenye vifundo vya mikono. Watawa hueleza kwamba ulinzi unatokana na ukweli wa maneno na wema wa anayeyasikiliza, na uzi ni ukumbusho. Kama kila aliyefungwa uzi huo anaufahamu hivyo ni jambo jingine. Nani kati yetu hajamwona mtu mwenye rozari kwenye kioo cha gari ambaye hajaisali tangu ainunue?

Kito ndani ya yungiyungi

Om hurudi kwa nguvu katika Ubudha wa kaskazini, hasa wa Tibeti, katika uradi ambao huenda ndio unaorudiwa zaidi miongoni mwa Wabudha wa huko: Om mani padme hum. Asili yake katika maandishi ni Karandavyuha Sutra, kitabu cha Kibudha cha India. Unaelekezwa kwa Avalokiteshvara, ambaye ni mfano wa huruma kamili. Wachina humtukuza kwa jina la Guanyin, na Wajapani kwa jina la Kannon.

Mani kwa Kisanskriti ni kito. Padma ni yungiyungi. Yungiyungi la India si lile linaloelea kwenye mabwawa yetu. Yanafanana kwa sura, lakini wataalamu wa mimea huyaweka katika koo tofauti. Tabia iliyolifanya kuwa alama ni kwamba mizizi yake imo ndani ya tope, ilhali ua lake huchanua juu ya maji bila doa.

Kwa muda mrefu vitabu vya Ulaya viliutafsiri uradi huu kuwa ni "kito ndani ya yungiyungi." Wataalamu wa Kisanskriti wa siku hizi wanasema sarufi haikubali tafsiri hiyo kwa urahisi, na kwamba yaelekea maneno mawili ya katikati ni jina la kuitia: ewe mwenye kito na yungiyungi. Kwa muumini tofauti hiyo haipunguzi kitu. Dalai Lama wa 14 ameeleza mara nyingi kwamba sauti tatu za Om ni mwili, usemi na nia ya mtu, ambavyo leo vina uchafu na vinaweza kusafishwa vikawa kama vya Buddha. Kito ni huruma na nia ya kuwafaa viumbe wote. Yungiyungi ni hekima. Hum ni kuviunganisha viwili hivyo visitengane, kwa kuwa huruma bila hekima huharibu, na hekima bila huruma haimfikii mtu.

Almasi nayo haikusahauliwa. Neno vajra la Kisanskriti lina maana ya radi na pia ya almasi, kitu kinachokata vyote na chenyewe hakikatiki, na ndilo lililoupa jina Ubudha wa Tibeti, Vajrayana. Kuna pia kitabu mashuhuri kiitwacho Sutra ya Almasi. Nakala yake ya Kichina iliyochapwa mwaka 868, na ambayo imehifadhiwa London katika Maktaba ya Uingereza, ndiyo kitabu cha kale zaidi duniani kilichochapwa kikiwa na tarehe. Almasi katika jina lake ni ya kukatia mawazo ya uongo. Kitabu hicho kinarudia fundisho kwamba mtu akijaza ulimwengu mzima kwa vito vya thamani, kisha akavitoa vyote sadaka, thawabu yake bado ni ndogo kuliko ya yule aliyeelewa mistari minne ya mafundisho na kumweleza mwenzake.

Hazina chini ya sakafu

Wabudha wa kaskazini wana mifano miwili ambayo ingeweza kusimuliwa kwenye kijiwe chochote cha Maganzo.

Wa kwanza ni wa maskini aliyekwenda kumtembelea rafiki yake tajiri, akanywa pombe, akalala. Rafiki alikuwa na safari. Kabla ya kuondoka akashona kito cha thamani ndani ya bitana la nguo ya mwenzake. Maskini akaamka, akaondoka, akazunguka nchi kwa nchi akifanya vibarua, akiridhika na kidogo alichopata. Miaka ikapita ndipo walipokutana tena na rafiki akamwambia: wewe umekuwa ukitembea na mali yako mwilini.

Wa pili ni wa nyumba ya fukara iliyojengwa juu ya hazina. Hazina haina ulimi wa kusema "niko hapa," na wenye nyumba wanalala njaa juu yake.

Katika nchi ambako mgodi mkubwa kama Mwadui hupata karati zipatazo 6 tu katika kila tani 100 za mwamba, yaani uzito wa gramu moja na ushee, mfano wa hazina chini ya sakafu unaweza kueleweka vibaya sana. Wapo walioahidiwa hazina hiyo na wapiga ramli wakabomoa hata sakafu. Wabudha hawakusudii hivyo. Hazina wanayoitaja ni uwezo wa kuamka, wa kuona mambo yalivyo na kuwahurumia wengine, ambao wanasema umo ndani ya kila kiumbe, hata ndani ya mwizi. Uradi wa Om mani padme hum ni namna ya kuichimba. Hutamkwa mara nyingi kwa sababu tope ni jingi.

Kurudia huko kusimshangaze Mwislamu wala Mkristo. Mwislamu ana tasbihi yake ya punje 99 au 33 na nyiradi zake za baada ya swala. Mkatoliki ana rozari. Wahindu na Wabudha huhesabu kwa shanga 108. Walimu wa pande zote hutoa onyo lile lile, kwamba vidole vinaweza kufika mwisho wa shanga na moyo ukawa bado uko sokoni. Kufanana kwa namna ya kuhesabu, hata hivyo, hakuzifanyi imani hizo kuwa moja, na Mwislamu au Mkristo anayehudhuria darasa la yoga na kuombwa aseme Om ana sababu ya kuuliza kwanza. Tangu Umoja wa Mataifa ulipoitenga Juni 21 kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, ikianza kuadhimishwa mwaka 2015, swali hilo limewafikia watu wengi wa mijini. Mwalimu mwaminifu atamjibu kwamba kwa wengine ni sauti ya kutuliza pumzi, ila kwa wenyewe ni sala.

Leo alama ya Om huuzwa kwenye pete, vidani na fulana. Hakuna anayeweza kumzuia mtu kununua pete. Lakini muuzaji akimwambia kijana wa machimboni kwamba pete hiyo itavuta almasi, atakuwa anauza kitu ambacho si cha Wahindu wala cha Wabudha.

Huko Tibeti, na katika milima ya Nepal, watu huchonga Om mani padme hum juu ya mawe ya kawaida na kuyapanga kando ya njia. Mengine yamekuwa kuta ndefu zenye maelfu ya mawe, zilizojengwa na vizazi vya wapita njia. Mtu akifika hapo hupita akiacha ukuta upande wake wa kulia, huenda akaongeza jiwe lake, kisha akaendelea na safari. Mawe hayo hayana mlinzi, na hakuna anayeyachukua.